Vanila Isiyo na Majani

Mniwie radhi kwa mwandiko wangu uliopinda na herufi nitakazokosea. Niliishia darasa la saba, na naandika polepole.

Juzi nilinusa vanila kwenye duka la viungo Darajani, nikaukumbuka mchana mmoja wa utotoni kijijini Bwejuu. Nyuma ya nyumba ya bibi, juu ya mawe makali, ulitambaa mmea wa kijani usio na jani hata moja. Mjomba Haji aliulinda kama mwana.

"Hii ni vanila ya mwituni, ya hapa hapa," aliniambia. "Ikizaa nitachukua mbegu, maana kiwanja kishauzwa."

Baba yangu alifanya kazi kwenye shamba la viungo. Asubuhi aliyapitia maua ya vanila moja moja, akiyachavusha kwa mwiba wa mchungwa. "Bila mkono wa mtu haizai," alikuwa akisema.

Basi mchana ule niliyaona matumba meupe ya mjomba yamefumba, nikaogopa hayatazaa. Nikachukua mwiba, nikayafungua yote. Vidole vilinata na kunukia.

Mjomba alirudi, akainama kuyatazama maua.

"Nani kakutuma?"

"Hakuna, mjomba. Nayasaidia yazae."

"Vanila ya baba yako imeletwa na meli, ikawaacha nyuki wake kwao. Hii ina wadudu wake hapa hapa, mwanangu. Haikuwa ikikungoja wewe."

Hakunipiga. Matumba niliyoyafungua yalidondoka bila kuzaa, na kabla mmea haujatoa maua mengine kiwanja kilifyekwa. Siku hizi pana ukuta wa hoteli.

Kama kwenu upo mmea huo, nakuombeni mniandikie. Nitamleta mjomba auone, nami nitasimama mbali.