Mama Yangu Ataelewa Hapa?

Msanifu mkuu wa kampuni ile ya programu za simu alikuwa na swali moja tu kwa waliokuja kuomba mafunzo kazini. Umwonyeshe mchoro wa programu mzuri namna gani, ataukodolea macho, atabonyeza hewa kwa kidole gumba kana kwamba kuna kitufe, kisha kwa sauti ya mtu anayeogopa kumwamsha mtoto atauliza: "Mama yangu ataelewa hapa?" Binti aliyekuja kuomba nafasi asubuhi hiyo alishaulizwa hivyo kwa kila mchoro, na alikuwa ameanza kumchukia mama wa watu bila hata kumjua.

Mara simu ya msanifu ikalia pale mezani, akaipokea kwa spika. Alikuwa mama mwenyewe. Programu aliyoisanifu mwanawe, ile ambayo tuzo yake ilining'inia ukutani, ilikuwa imemgomea tena. "Gusa vile vistari vitatu, mama." "Vistari gani, baba? Hapa juu naona uchafu tu. Nimeufuta weee, hautoki." Kidole gumba kikabonyeza hewa mbio mbio. Binti uvumilivu ukamshinda, akainamia simu. "Shikamoo, mama. Huo uchafu usiufute, uguse tu mara moja." Mama akagusa. "Alaa! Kumbe ndio mlango!" Mama akacheka mpaka akakohoa. "Baba, huyo binti mpeni kazi. Na huyo aliyeweka uchafu huu, mfukuzeni leo leo." Msanifu mkuu akaitazama tuzo yake, kidole kimetulia tuli. "Sawa, mama," akajibu.