Korti ya Rufaa Ilimwachilia Mume wa Kwanza wa Mke Wangu

Admin, naomba ufiche jina langu, kwa sababu mke wangu husoma ukurasa huu. Mimi ni mwanaume wa miaka thelathini na saba, natoka upande wa Navakholo, Kakamega. Nilimaliza kidato cha nne na nina duka dogo la mbegu na dawa za mifugo. Huwa naandika shajara kila jioni, ila wiki hii nimeandika neno moja tu: "Amerudi."

Aliyerudi nitamwita Makokha. Alikuwa mwendesha boda boda, na ndiye aliyemwoa mke wangu (nitamwita Nekesa) akampelekea baba yake ng'ombe. Makokha aliposhikwa, binti yao alikuwa bado ananyonya. Alikuwa amebeba wanaume wawili na gunia, akawashusha karibu na boma la mzee mmoja, na asubuhi mzee akapatikana amekatwakatwa. Wote watatu walifungwa maisha. Nekesa alikaa peke yake muda mrefu kabla ya kuja kwangu, na mtoto huyo ananiita baba. Lakini baba mkwe amekataa ng'ombe wangu. "Boma langu lina ng'ombe wa mtu aliye hai," aliniambia. "Nitawachanganyaje?"

Mwezi uliopita korti ya rufaa ikasema wale wawili wabaki ndani, Makokha atoke. Majaji walisema kubeba mtu kwa pikipiki hakuonyeshi kwamba ulijua anaenda kuua, wala kwamba mlikubaliana. Nekesa alisikiliza kwenye simu, akapiga magoti jikoni akilia, "Asante Yesu." Nikasema amina. Mdomo ndio ulisema.

Jumapili Makokha akaja kutusalimia. Mke wangu, ambaye kila siku huniambia kuku ni wa mayai, alichinja jogoo. Akavaa lile rinda la kijani ambalo mimi huambiwa ni la harusi za watu. Akasonga obusuma, ugali wetu, akapakua, na nyinyi watu wa kwetu mnajua firigisi ni ya nani. Nekesa aliiweka kwenye sahani ya Makokha. Sidhani alifikiria. Mkono ulienda tu mahali ulipozoea, na hilo ndilo linaniuma.

Makokha aliiona, akaisogeza kwangu. "Ndugu yangu, hii ni ya mwenye boma. Mimi nilikuwanga nakula maharagwe ya serikali, tumbo limesahau mambo makubwa."

Wakacheka wote wawili kwa pamoja, vile watu waliozoeana hucheka. Nikaila. Ilikuwa kama kutafuna mpira.

Alipoaga nilimuuliza atachukua lini ng'ombe wake. Akavaa kofia polepole, akasema, "Korti ilinitoa kwa kesi. Haikunitoa kwa ndoa."

Sasa Jumamosi baba mkwe ametuita sote. Makokha atasema kama anachukua ng'ombe au mke. Nilimuuliza Nekesa, "Na wewe ukiulizwa, utasema nini?" Akaniuliza, "Kwani ulitaka aozee ndani?"

Kuna jambo ambalo halikusemwa kortini. Tulipoanza kuishi pamoja, Nekesa aliniambia kwamba Makokha alimweleza kuwa njiani alisikia vyuma vikigongana ndani ya lile gunia. Hakuuliza. Alitaka nauli yake tu.

Juzi kaka wa marehemu alikuja dukani kununua dawa ya kupe. Akasema familia haijaridhika, inatafuta wakili. "Wewe si unaishi na yule mama?" akaniuliza. "Hakuna kitu umesikianga?" Nilimwambia apite Ijumaa.

Sijui kama kusikia vyuma ni sawa na kujua. Labda Makokha alidhani ni majembe. Labda alijua kabisa, na yule mzee anastahili haki yake. Lakini kila nikijiambia ni kwa ajili ya mzee, simwoni mzee. Naona ile sahani.

Ijumaa ni kesho kutwa. Nikinyamaza, huenda Jumamosi nikarudi peke yangu, bila mke na bila mtoto. Nikisema, huenda nikamrudisha mtu jela maisha, na moyoni nitajua ilikuwa kwa sababu ya firigisi. Ndugu na dada zangu, nitukaneni mkitaka, lakini niambieni kabla ya Ijumaa: nifanye nini?