Jina Nililoitikia Ijumaa Jioni

Jina langu sitakutajia. Wengine nitawataja. Ombongi nitamtaja na Evans nitamtaja, lakini langu halitoki, na ukifika mwisho utajua kwa nini. Najua kuna watakaosema hii ni hadithi ya kunyamazisha watoto. Wacha waseme. Mimi sikuisikia kwa mtu. Ilinipata mwenyewe, na mpaka leo haijaniachilia.

Shule niliachia darasa la nane. Kompyuta nilijifunzia ofisini kwa Ombongi, mjini Kisii, nikiwa mfagiaji. Walikuwa wanatengeneza programu za maduka na zahanati. Vijana wakienda kula mchana, mimi nabaki na ufagio nasoma yaliyo kwenye vioo vyao. Jioni naendelea na simu, masomo ya bure, mpaka kidole kinauma. Ilichukua miaka, lakini mwishowe Ombongi mwenyewe akanipa meza. Mvi zangu zilitokea kwenye meza hiyo. Halafu asubuhi moja akatuita, akasema wateja wamepungua, akatufuta kazi sote isipokuwa mpwa wake. Hata chai ya kuagana hakutununulia. Huyo ni wa kwanza kunikosea. Kama Ombongi angekuwa mtu, mimi ningetafuta nini kwa Wazungu?

Nilianza kutafuta ile wanaita kazi ya mbali. Wewe uko kwako, wao wako kwao, mnakutana kwenye kioo. Niliomba kila mahali. Kuna waliotaka cheti cha chuo. Kuna walioniuliza umri, wakaacha kuniandikia. Wengi hawakujibu kabisa. Nilichoka, niamini, ule uchovu wa mtu anayelala na kuamka nao. Mke wangu Kemunto naye alichoka kunitazama. Tukakubaliana: kuna kampuni moja ya ng'ambo iliyobaki, na nikiikosa hiyo, laptopu inauzwa, mimi nachukua kikapu naenda kuchuma majani chai kwenye mashamba ya watu.

Mtihani wa hiyo kampuni nilikuwa nimepita. Ilibaki kuonana tu, kamera ikiwa wazi, siku ya Ijumaa saa kumi na mbili na nusu jioni, ambayo kwao bado ni asubuhi.

Umeshaliona kosa? Mimi sikuliona. Mimi ni Mkatoliki. Kwetu ni upande wa Nyamira, si mbali na Masimba, na nyumbani netiweki inakuja na kuondoka kama paka. Kwa hiyo nilipanga na Evans, mwenye saiba, duka la intaneti, pale Masimba, na akaniahidi meza mpaka saa moja. Evans ni mzee wa kanisa la Sabato. Nilipofika, mvua ilikuwa imeanza na yeye alikuwa ameshika kufuli.

"Evans! Tulisema saa moja."

"Ndugu yangu, nilisahau ni Ijumaa. Jua likizama ni Sabato."

"Jua gani na mvua hii? Wewe unaliona?"

"Mungu analiona. Mwambie Mzungu wako akungoje Jumapili."

"Mzungu hangoji mtu! Niachie ufunguo basi, nifungue mimi. Mimi si Msabato, dhambi itakuwa yangu."

Akacheka. Kumbe alikuwa na nafasi ya kucheka. Halafu akanyoosha kidole juu, barabara inapopinda kuingia kwenye majani chai. "Panda pale. Kuna nyumba ya mama mzee, iko na stima na netiweki nzuri. Watu wangu wengi nimewatuma huko, na hakuna aliyerudi kulalamika."

Hayo ndiyo maneno yake. Nayakumbuka yote.

Nilifunga laptopu ndani ya karatasi ya nailoni nikapanda. Nyumba niliikuta, ya mabati, taa inawaka, moshi unatoka vizuri. Mlangoni alisimama mama mzee, omong'ina kabisa, amejifunga shuka begani. Nilimweleza shida yangu. Akanisikiliza, kisha akaniuliza swali moja tu: naitwa nani.

Nikamwambia.

Akapiga makofi! "Mume wangu! Ndiyo umefika saa hizi? Chakula kimepoa."

Sasa kama wewe si Mkisii, ngoja nikueleze. Kwetu mtoto hupewa jina la aliyekufa, na mwenye jina lile hutaniwa kama ndiye. Mimi binafsi kuna mtoto wa jirani, hajaota hata meno yote, ambaye namwita mama kwa sababu amebeba jina la mama yangu, na nikipita namuuliza amenipikia nini. Mjane akikutana na mwenye jina la marehemu, lazima atamwita mume, na adabu ni kuitikia. Ukikataa unaonekana mtu wa roho ngumu. Kwa hiyo niliitikia, kama vile ungeitikia wewe.

"Nimerudi, mama watoto. Kazi ilinichelewesha."

"Na hutaondoka tena?"

"Niondoke niende wapi na mvua hii?"

Tukacheka wote wawili. Akanionyesha kiti kando ya ukuta, nikachomeka chaja, nikawasha. Netiweki ilikuwa imejaa mpaka juu. Yeye akaenda kwa moto upande wa pili wa nyumba, akainama kusonga ugali wa wimbi.

Nakuambia ukweli, sijawahi kuongea vizuri namna ile. Walikuwa wawili, mwanamume na mwanamke. Waliniuliza nilivyojifunza, nikawaambia habari ya ufagio, wakapenda. Wakanipa programu iliyoharibika, nikaitengeneza mbele yao. Kiingereza changu cha kuokotaokota siku hiyo kilikuja chenyewe. Mwishowe yule mwanamke akatabasamu, akasema nitapata barua Jumatatu.

"Na utushukurie mke wako," akasema. "Ametulia sana muda wote huo."

Nikacheka nikasema huyo si mke, ni bibi kizee wa hapa.

Wakatazamana. Yule mwanamume akauliza, "Bibi kizee? Yule msichana aliyesimama nyuma yako, aliyekushika mabega?"

Niligeuka. Nyuma yangu kulikuwa na ukuta. Omong'ina alikuwa kulekule kwa moto, amenipa mgongo, anasonga.

Wewe ungefanya nini? Mimi nilifunga laptopu na kuvuta chaja. Waya ulikuja na udongo. Haukuwa umechomekwa popote, ulikuwa umezama kwenye tope. Nilipoinua macho, taa hakuna, mabati hakuna. Nilikuwa nimekaa juu ya jiwe katikati ya migomba, mvua inanipiga kichwani, na mbele yangu kipande cha ukuta mkuukuu kimeota majani. Kando yake kaburi. Na kando ya kaburi nafasi tupu, imepaliliwa safi, kama kitanda kilichotandikwa.

Mbio nilizopiga sijui nilizitoa wapi kwa umri huu.

Kemunto alinifungulia. Nguo zangu zilikuwa zinatiririka maji. Akanigeuza kwenye taa ili anivue koti, akasimama.

"Baba Moraa, nani amekushika?"

Kwenye mabega ya koti kulikuwa na alama mbili za viganja. Majivu. Koti limelowa mpaka ndani, lakini majivu ni makavu, unaweza kuyapuliza.

Jumapili tulienda kwa Evans pamoja. Kemunto ndiye aliyezungumza, mimi nilikuwa sijiamini.

"Mzee wa kanisa, ulimtuma mume wangu kwa nani?"

Evans alianza na kuzungukazunguka. Eti wengi wanaenda, wanapata netiweki, wanashukuru na kuondoka, wala hawajui walikaa wapi. Eti ni mama asiye na ubaya.

"Na mume wake alikuwa anaitwa nani?"

Akachukua kufuli lake, akaanza kulifuta vumbi.

"Evans, nakuuliza."

"Kama huyu wako," akasema. "Lakini shemeji, nilidhani akiitwa mume atamwambia yule mama mzee wake alishakufa. Nani angejua ataitikia?"

Nani angejua! Mkisii mwenzangu anauliza nani angejua!

Ndipo tukaambiwa yote. Yule mama akiwa bado msichana, ameolewa juzi tu, mumewe alienda kutafuta kazi mbali. Alifia hukohuko na hakurudishwa nyumbani kuzikwa. Mama akamngoja mpaka akazeeka, mpaka akafa, na nafasi ya mzee ikaachwa wazi kando yake. Kwenye mlima ule wote hakuna mtu anayempa mtoto jina hilo. Mimi ni wa upande wa pili, ningejulia wapi? Evans alijua. Saa yake ya kuabudu ilikuwa inakaribia, alitaka niondoke mlangoni pake. Huyo ndiye wa pili, na ndiye mbaya zaidi, kwa sababu Ombongi alichukua kazi moja tu.

Barua ilikuja Jumatatu kama walivyosema. Nilikuwa nimepata! Kemunto alipiga kigelegele mpaka majirani wakatoka. Siku ya kuanza nikavaa shati, nikafunga mlango, nikawa peke yangu chumbani. Nilipofungua kamera wenzangu wakanisalimu, halafu wakamsalimu na yule msichana.

Meneja alivumilia siku kadhaa. Akasema kazi yao ni ya siri za wagonjwa, haruhusiwi mtu mwingine chumbani. Niliwazungushia kamera waone kona zote. Wakaona, na yeye akazunguka pamoja nami. Mimi simuoni kwenye kioo changu, wanamuona wao. Wakalalamika tena kwamba anaongea wakati wa mkutano, anaongea juu ya sauti yangu. Siku ya mwisho meneja akanichezea sauti aliyoirekodi, akaniuliza hiyo ni lugha gani.

Ilikuwa lugha yetu. Sauti ya msichana, ya kulialia. "Kazi ya mbali tena? Si ulisema hutaondoka?"

Wakanifuta. Nilipata nyingine, ikawa hivyohivyo, na nyingine haikuvuka hata salamu. Padri amekuja na maji ya baraka. Mchungaji wa Kemunto amekuja na waimbaji. Tulihamia chumba cha kupanga Kisii mjini, tukarudi, maana hakuna tofauti. Wazee wa kwao yule mama niliwaomba waitafute mifupa ya mumewe wairudishe. Wakasema nani anajua alizikwa wapi, na nikaona wananitazama kwa namna ya watu wanaopima mtu kwa ile nafasi iliyo wazi. Sikurudi kwao.

Sasa nachuma majani chai ya watu. Laptopu hatukuiuza. Mwenye duka akinipigia programu yake imekwama, naenda kwa miguu naitengeneza, kamera nimeibandika plasta. Kazi hiyo ya karibu haimsumbui yeye, naye hanisumbui. Kemunto bado yuko nami, Mungu ambariki, lakini nikiwa nimekaa kazini hapiti nyuma yangu. Anazunguka meza. Nilimuuliza mara moja kwa nini, akaniambia, "Baba Moraa, pale pameshakaliwa."

Kwa hiyo wewe unayetafuta kazi ukiwa umechoka, sikia. Uchovu hufanya mtu akubali kiti chochote chenye taa. Mwenye nyumba akikuita mume, akikuita baba, akikuita mtoto wake aliyepotea, cheka naye ukitaka, lakini muulize kwanza marehemu yuko wapi. Na usiseme umerudi mahali ambapo hukutoka.

Nami jina langu nimelificha kwa sababu hiyo. Pengine wewe pia unaitwa hivyo. Ningeliandika hapa nawe ukalisoma kwa sauti, sijui ni nani angeitika.