Vidonge Vilivyoachwa Madhabahuni

Saa mbili na robo asubuhi. Honi inalia nyuma ya miti, na Mukalay Constant anazungusha mkono wa chuma kwa nguvu zake zote. Kizuizi kinashuka barabarani. Baiskeli za makaa zinasimama. Mama mmoja mwenye beseni la samaki wakavu kutoka Kinkondja anamfokea kwa kumchelewesha.

"Ngoja kidogo, mama," anajibu. "Train haiko baiskeli."

Mabehewa yanapita. Mukalay, miaka arobaini na mmoja, haogopi treni. Anachoogopa kiko kifuani mwake.

Kilimjia mara ya kwanza miaka minne iliyopita, hapa hapa Kamina, mji wa reli kusini mwa Kongo, mchana kweupe, bila sababu. "Roho ilikuwa inapiga sana, mikono ikakufa ganzi, pumzi ikakatika. Minyi nikasema: njo leo ninakufa." Robo saa baadaye alikuwa mzima, amelowa jasho, anaona haya.

Sasa sikieni, maana hili linatia kichaa. Katika miaka hiyo alitibiwa malaria mara kumi na moja. Mara kumi na moja! Moyo ulipimwa, ukaonekana mzima. Akaambiwa arudi nyumbani, asiwaze sana. Hakuna aliyemwambia kwamba hofu ya ghafla ya namna hiyo ni ugonjwa, una jina, una tiba.

Mji huu husahau upesi. Miaka ya tisini mlinzi mwingine wa kizuizi hicho hicho alikimbia kazi akijishika kifua. Wakubwa wakamwita mlevi, wakamfukuza. Hakuwahi kugusa pombe, na wapo wanaokumbuka.

Aliyemsikiliza Mukalay hatimaye ni muuguzi Éliane Nyembo, wa zahanati moja ya mjini. Alimwandikia vidonge vya sonona; hapa kidonge chochote huitwa kinini. Mukalay akakasirika: "Minyi siko na huzuni, mama. Iko woga!"

Éliane anacheka akikumbuka. "Nilimuambia: kinini ni ile ile, na woga inasaidiaka. Haisaidiake bantu bote, lakini bengi inabasaidia. Ungojee juma nne, sita. Siku za kwanza woga inaweza kuzidi kidogo, usikimbie. Na usiiache bila kuniuliza."

Juma la kwanza lilikuwa baya kweli. La sita, hofu ilinyamaza. Akala, akalala, akacheka na watoto.

Hapo ndipo alipokosea, na alikosea kwa moyo mweupe. Kanisani kwao, aliyepona huleta mbele kitu cha ugonjwa wake: mkongojo, bandeji, chupa ya dawa. Mukalay alisimama, akashuhudia, akaweka boksi la vidonge madhabahuni. Watu wakaimba. Hakuna hata mmoja, katika walimu na makarani wote wenye vyeti waliokuwamo, aliyeuliza: huyu amepona, au dawa ndiyo iliyomshika mkono?

Majuma matatu baadaye, bila kumeza kidonge hata kimoja, treni ikija, kifua kikabana. Mukalay aliuacha mkono wa kizuizi, akakimbilia majanini. Barabara ilikuwa wazi! Mkewe Mira, aliyekuwa amemletea bukari, yaani ugali, alitupa sahani, akauzungusha mkono ule mwenyewe. Baiskeli mbili zilisimama hatua nne kutoka kwenye reli. Hatua nne.

"Nilimukuta analia," anasema Mira, ambaye humwita mumewe kwa jina la mtoto wao wa kwanza. "Nikamuuliza: Papa Jéthro, Mungu njo alikuombaka kinini? Yeye iko na woga gani?"

Éliane alimwanzishia dawa upya, pamoja na mazungumzo kila juma. Huu ni mwezi wa tano bila hofu ile. Lakini wakubwa wa kazi hawajui lolote. Wakijua kwamba mlinzi wao anameza kile ambacho mtaani huitwa "dawa ya bazimu", dawa ya wendawazimu, huenda wakamfukuza. Yaani mtu ambaye dawa imemfanya kuwa salama afukuzwe kwa kuimeza! Hata hivyo, alikataa jina lake lifichwe hapa.

Tena, ameomba kushuhudia Jumapili ijayo.

"Nitabeba kinini na maji, nitaimeza mbele ya bote. Nitabaambia: ile siku nilibadanganya bila kujua."

Mira anamkumbusha kwamba mkubwa wake wa kazi, ambaye siku ile ya boksi hakuwapo, husali kanisa hilo hilo, benchi la tatu.

"Ninajua," anasema Mukalay. "Njo maana nitasema na sauti ya nguvu."