Spika wa barabarani ataka ‘ndiyo’ yake irudishwe

Saa moja kasoro robo asubuhi, na Spika ameshainama. Mkono wa kulia umeshika fagio lisilo na mpini, wa kushoto umekamata goti ili kiuno kisilete maneno. Anasukuma maganda ya karanga na vizibo vya soda kuelekea mtaroni, mbele ya ofisi ambazo bado zimelala.

Spika si cheo. Ni jina alilopewa na wafagiaji wenzake kwa sababu sauti yake haihitaji kipaza sauti. Ana miaka hamsini na miwili, na kumi na tisa kati ya hiyo ameifagia barabara hii kwa mkataba wa miezi mitatu mitatu.

“Mimi ni kibarua wa kudumu,” anasema, na kujichekea.

Wiki hii ana kazi ya pili, isiyolipwa hata senti: kuzirudisha “ndiyo” arobaini na moja.

Mambo yalianza wiki mbili zilizopita, wakati wa chai. Bwana mmoja mwenye shati lililopigwa pasi hadi kwenye vifungo alileta fomu ya maoni ya wananchi. Swali lilikuwa moja: Je, mnaunga mkono nyongeza ya kiinua mgongo?

“Sasa niambie,” anasema Spika, akijinyoosha kwa awamu mbili kama kiti cha kukunja. “Mtu ameinama miaka kumi na tisa, unamuuliza kama anataka kiinua mgongo. Atasema hapana?”

Wafagiaji wote arobaini na mmoja walitia tiki kwenye ndiyo. Mmoja alitia tatu, za msisitizo.

Kiinua mgongo cha nani? Hilo liliandikwa ukurasa wa pili, na ukurasa wa pili haukuletwa.

Jumamosi redio ikasema waheshimiwa wabunge wanapendekeza kujiongezea mafao maradufu baada ya kipindi kimoja tu cha miaka mitano, na kwamba hata wafagiaji wa barabara wanaunga mkono.

“Nikazima jiko,” anasimulia. “Mume wangu akauliza, mbona unazima na chakula hakijaiva? Nikamwambia, leo tunakula ndiyo.”

Mtaani watu wamefura. Ujira wa Spika wa siku, uliokuwa ukinunua kilo tano za unga, sasa unanunua tatu. Na sokoni, tangu Jumamosi, wauza mboga wanamuuliza waheshimiwa wamemlipa kiasi gani.

Jumatatu alikwenda ofisi ya kamati ya Bunge iliyokusanya maoni hayo. Karani alimweleza kwamba fomu ilipokelewa kama ya kikundi, hivyo itaondolewa na kikundi: sahihi au dole gumba za wote arobaini na mmoja, kabla ya Ijumaa saa sita mchana. Ikipungua moja, ndiyo inabaki ndiyo.

Leo ni Alhamisi. Anazo arobaini. Iliyobaki ni ya wifi yake, dada wa mumewe, anayefagia barabara ya pili.

“Umekuja tena, wifi,” anasema huyo, bila kuacha kufagia.

“Nimekuja.”

“Mkataba wangu unaisha mwezi huu. Msimamizi akiliona jina langu huko?”

“Ataona majina arobaini na moja. Atafagia na nani?”

“Wewe una mdomo. Mimi nina watoto wa shule.”

“Kwani mimi nilizaa paka?”

Wifi anacheka kabla hajakusudia. Kisha anauliza kwa sauti ya chini kama kweli tiki yake ndiyo iliyotajwa redioni.

“Yako na yangu. Mimi nilitia ya kwanza, wifi, halafu nikawaita nyinyi kwa sauti hii hii. Ndiyo maana nazunguka.”

Wifi anafuta dole gumba kwenye aproni, analibonyeza kwenye wino aliokuja nao Spika, kisha kwenye karatasi.

“Nikifukuzwa, nahamia kwa kaka yangu.”

“Hamia. Utanikuta jikoni.”

Kesho Spika atamaliza barabara mapema, kisha wote arobaini na mmoja wataingia kwa kamati na sare zao. Ameshauliza: maoni ya mdomo yanapewa dakika mbili. Kwake zinatosha.

“Kwanza waifute ile ndiyo yetu,” anasema, akiinama tena. “Wakishaifuta, nitawasomea swali lao lile lile, ila safari hii kiinua mgongo kiwe cha wafagiaji. Nao watie tiki, tukiwaangalia.”