El-Roi Ndani ya Kisima

Udongo uliporomoka ukamfukia mchimba visima hadi kifuani. Kila alipopumua, mchanga ulimbana zaidi. Alipiga kelele, lakini hakuna aliyeitika. Ndipo akakumbuka dada yake, mwalimu wa Biblia, alivyomweleza kwamba Hajiri, mjakazi aliyekimbilia jangwani peke yake, alimwita Mungu El-Roi, yaani Mungu anionaye.

"El-Roi," alinong'ona, meno yakigongana, "unaniona kweli?"

Aliliita jina hilo mpaka koo likamkauka. Alasiri shemeji yake, aliyekuja kumtafuta, na majirani walimfukua, wakamtoa kwa kamba.

"Dada," alimwambia dada yake aliyekuwa akimngoja ukingoni, "nililiita lile jina, na bado niliogopa mno."

"Hata Hajiri aliogopa, mdogo wangu," dada alimjibu, akimpangusa mchanga masikioni.

Hakushuka tena kisimani.