Mti wa Tufaha Kwenye Ardhi ya Jiji

Jumamosi ile tulikuwa watano kwenye bustani ndogo nyuma ya nyumba. Binti yangu wa mwisho, mwenye nyumba. Mume wake, yaani mkwe wangu, fundi wa lifti. Mtoto wao wa kike wa miaka kumi na mitatu, anayeniita koko, yaani bibi, kwa Kiswahili cha kwetu na kuniambia mengine yote kwa Kiswidi. Rafiki yangu Mganda tunayeimba naye kwaya, aliyetoka mtaa wa Skärholmen, upande mwingine wa jiji, na sambusa kwenye kopo lililokuwa la aiskrimu. Na mimi. Majina ya wote ninayo, hata la aliyetuuzia nyumba na la mbwa wake, ila nimeombwa nisiyaandike, basi na mbwa nimemwacha.

Katikati yetu ulikuwepo mti mdogo wa tufaha, ndani ya ndoo. Niliung'oa mimi.

Tulikuwa tumehama mtaa wa Hjulsta, ghorofa ya sita, tukaja nyumba hii iliyoungana ukuta na za majirani. Nilifurahi mpaka siku ilipokuja barua. Binti yangu akasema ni ada ya ardhi, ya kila mwaka. Nikauliza, si mmeshanunua? Akasema nyumba ni yetu, ardhi ni ya jiji, wenyewe wanaita tomträtt. Akaenda kazini. Mimi niliishia darasa la tatu, lakini jambo hilo nililielewa, au nilidhani nimelielewa.

Kwetu, milimani Kivu, shamba ni la namna mbili. Ukimpelekea mwami, mtawala wetu, ng'ombe mbele ya mashahidi, umepewa kabisa: unapanda migomba, unazikwa hapo, watoto wanabaki. Lakini la kuazima, tunaita bwasa, unapanda maharage na mihogo, vitu vya kuvuna na kuondoka. Mti hupandi. Ukipanda mti, unamwambia mwenye shamba kwamba unamnyang'anya. Baba yangu alipanda kahawa kwenye bwasa, mashina saba tu. Kabla haijachanua tulikuwa njiani, mikeka kichwani. Nilikuwa na umri wa mjukuu wangu huyu.

Sasa mkwe wangu naye amepanda mti. Ijumaa, wote walipoondoka, nilichukua koleo nikauchimbua pamoja na udongo wake, nikautia ndooni. Mahali pake nikapanda maharage.

Kwetu mkwe habishani na mama mkwe uso kwa uso, na huyu amelelewa vizuri. Alisimama hatua tatu kutoka kwangu, akamtazama mke wake.

"Mwambie mama hii si ya kuazima."

"Mwambie mumeo aniambie ardhi ni ya nani."

"Mwambie mama ni ya jiji."

"Basi ni ya kuazima."

Mjukuu akacheka, akauliza kwa Kiswidi kama ampigie simu mkalimani.

Yule Mganda, aliyekuwa anamaliza sambusa alizotuletea, akafuta vidole. "Dada, kwetu kuna kibanja. Ardhi ina mwenyewe, unamlipa kidogo kila mwaka. Na migomba unapanda, na wazazi unazika hapo hapo. Akitaka kukutoa, ana kazi."

Ndipo binti yangu akaketi, akanifafanulia polepole. Ukinunua ardhi kabisa, hakuna wa kukudai ada. Hii yetu tunalipa, na baada ya miaka kadhaa wanaweza kuipandisha, hilo hakunificha. Lakini jiji haliji asubuhi moja kukutoa. Linangoja kipindi cha mkataba kiishe, nacho ni kirefu kuliko miaka niliyobakiza, tena liwe na sababu, na nyumba lilipie. Nyumba unaweza kuiuza, unaweza kuwaachia watoto. Wengine huliomba jiji liwauzie na ardhi yenyewe.

Nikauliza jambo moja tu nililokuwa nalo. "Na huyu mtoto, ninyi mkishakufa, ataambiwa atoke?"

Mkwe wangu hakumgeukia mke wake. "Hapana, mama. Atabaki." Kisha akaona haya, akainama kufunga kiatu ambacho kamba zake zilikuwa zimefungwa.

Maharage yalikuwa hayajaota. Niliyafukua moja moja, mbegu haitupwi, nikayahamishia kando ya uzio. Mkwe akachimba shimo, mti ukarudi.

Sasa kuna jambo linanisumbua. Kwetu anayetia udongo wa kwanza ndiye mwenye mti. Nakumbuka mjukuu ndiye aliyetangulia, kwa mkono, bila koleo. Binti yangu anasema sivyo, eti nilitangulia mimi, mtoto alikuwa na simu yake. Mganda anasema alikuwa jikoni akitafuta chai. Ninyi mliokuwepo, mkinisoma mkaona nimekosea, nisahihisheni, lakini msikawie. Mti umechanua mwaka huu, nami nataka kujua tufaha la kwanza nimwombe nani.